Safari ya Namboole ipangwe kama safari ya mzigo

Usiku wa Jumatatu, tarehe 18 Agosti 2025, nilikuwa nimesimama nje ya uwanja wa Mandela pale Namboole, mkono mmoja umeshika mlango wa gari, mwingine umeshika mfuko wa mkate. Ndani ya uwanja timu yetu ya Cranes ilikuwa nyuma kwa mabao 3-1 dhidi ya Afrika Kusini katika michuano ya CHAN. Dereva alikuwa amekwisha washa injini. Mara uwanja mzima ukapiga kelele.

“Wamefungwa la nne hao,” dereva akasema. “Ingieni wazee, twende.”

Mama mmoja muuza vitenge, ambaye alikuwa amekaa kiti cha nyuma, akamjibu kwa upole: “Mwanangu, watu hawapigi kelele hivyo kwa bao la mgeni.”

Tulikuwa bado tunabishana ilipokuja kelele ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Watu waliokuwa nje pamoja nasi, wauza maji, madereva wa bodaboda na hata walinzi, wote wakaanza kurukaruka. Cranes walikuwa wamepata penalti mbili katika dakika za mwisho na zote mbili zikaingia. Mchezo ukaisha 3-3. Sare hiyo iliipa Uganda nafasi ya kwanza katika kundi, ikawatoa Afrika Kusini, na kwa mara ya kwanza tukavuka hatua ya makundi ya CHAN. Sisi tuliotoka Bwera, zaidi ya kilomita 400, tuliyasikia hayo yote tukiwa nje, kama watu waliofika harusini wakaambiwa wasubiri barabarani.

Mpenzi msomaji, naomba nieleweke mapema. Siandiki makala haya kumlaumu dereva. Tulikuwa tumekubaliana naye kwamba saa tatu na nusu usiku gari linaondoka, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya soko na kila mmoja wetu alikuwa na meza inayomsubiri. Kosa lilikuwa letu. Sisi ambao tunajua kupanga safari ya samaki, ya chumvi ya Katwe na ya mawese, tulikwenda Namboole bila mpango wowote wa maana.

Na bado hayo hayakuwa mwisho wa msiba. Tulipoipita Mubende, usiku wa manane, nilihisi gari linakwenda pembeni ya barabara polepole, kama ng'ombe anayetafuta majani. Dereva alikuwa amesinzia. Mwenzetu aliyekaa mbele akampiga bega, gari likarudi barabarani, na hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Tukamwambia aegeshe. Tukalala humo humo ndani hadi kulipopambazuka. Bwera tulifika saa tano na nusu asubuhi, jua limepanda, na wateja wetu kutoka Kasindi wamekwisha nunua kwa wengine na wengi wao wameanza kurudi ng'ambo ya mto Lhubiriha.

Tuliukosa mchezo kwa ajili ya soko, na soko tukalikosa kwa sababu ya mchezo. Ni hasara mbili katika usiku mmoja, na ilibaki kidogo tu iwe hasara ya tatu, ile isiyolipwa na mtu yeyote.

Tangu siku hiyo wapo wanaonicheka hapa Bwera. Wanasema, mfanyabiashara mwenye akili anaachaje meza yake akimbilie mpira wa Kampala wakati runinga ipo kila kona? Wengine wanaongeza kwamba Namboole ni mahali pa watu wa Kampala, wenye magari yao na nyumba za kulala. Sisi watu wa mpakani, wanasema, tutosheke na kibanda cha video.

Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Uwanja ule unaitwa uwanja wa taifa. Ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa mwaka 1997 na kupewa jina la Nelson Mandela. Haukujengwa kwa ajili ya Kireka na Bweyogerere peke yake. Shilingi ya ushuru inayotozwa Mpondwe haina tofauti na ile inayotozwa katikati ya Kampala. Mwenye haki ya kulipa ana haki ya kukaa kwenye kiti.

Lakini kuna jambo jingine, na kwangu mimi ni kubwa kuliko la ushuru. Mimi ni mmoja wa wale wanaoitwa waliorudi. Nimezaliwa Bwera, nikalelewa Butembo kwa mjomba wangu, nikarudi nyumbani nikiwa kijana vita ilipokolea huko. Wenzangu wa aina hiyo ni wengi kuanzia hapa hadi Kasese. Wapo waliorudi kutoka Kongo, wapo waliokimbia milima wakati wa waasi wa ADF wakaishi kambini miaka, na siku hizi wapo wengine wanaorudi kutoka kyeyo Uarabuni. Kila aliyerudi anaijua ile hali ya kuulizwa nyumbani kwako, “Wewe ni wa wapi?”

Katika safari ile ile ya Agosti, tukiwa tunakwenda, gari letu lilisimamishwa kwenye kizuizi kimoja njiani. Mtu mmoja mwenye sare akachungulia ndani, akamsalimia yule mama wa vitenge. Mama akamjibu kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ya biashara yake ya kila siku. Akaambiwa ashuke. “Wewe ni Mkongo,” akaambiwa. Mama akatoa kitambulisho chake cha taifa, kikageuzwa mbele na nyuma, kikapigwa tochi ingawa ulikuwa mchana. Akaachiwa baada ya dakika ishirini. Hakulalamika. Alirudi kwenye kiti chake akasema tu, “Wamezoea.”

Saa chache baadaye nilikuwa nimekaa naye ndani ya Namboole. Wimbo wa taifa ulipopigwa, mama yule alisimama, mkono kifuani, akauimba kuanzia mwanzo hadi mwisho, machozi yakimtoka. Kijana asiyemjua, aliyejipaka rangi nyeusi, njano na nyekundu usoni, akamkatia kipande cha kitambaa chake cha bendera akamfunga kichwani. Hakumuuliza ni wa wapi, wala hakumwomba kitambulisho. Cranes walipofunga bao la kwanza walikumbatiana kama mama na mwanawe.

Hilo runinga ya kibanda cha video haliwezi kukupa. Kizuizini mama yule alilazimika kuthibitisha kwa karatasi kwamba ni Mganda, na uwanjani ilitosha kwamba amefika. Ndiyo maana nasema kwenda Namboole si anasa kwa mtu wa mpakani, hasa aliyerudi.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Reli ya kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na treni ile ile iliyobeba shaba ilibeba pia watu. Mzee mmoja jirani yangu hunisimulia jinsi walivyokuwa wakipanda treni Kasese na kushuka Kampala kwenda kuona mpira Nakivubo, enzi zile Namboole bado ni kilima cha nyasi. Anaikumbuka vizuri timu ya mwaka 1978, ile ya Philip Omondi, iliyofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika na kufungwa 2-0 na wenyeji Ghana. Leo reli ya Kasese haina treni. Mjukuu wake anategemea gari la kukodi na dereva ambaye hajalala.

Baada ya mwaka ule wa 1978 tulikaa miaka 39 bila kurudi kwenye michuano hiyo. Tukakwama mara nyingi, na mara nyingine tukakwama pale pale Namboole. Oktoba 2011 tulihitaji bao moja tu dhidi ya Kenya, tukatoka 0-0. Oktoba 2012 tuliwafunga Zambia, waliokuwa mabingwa wa Afrika, 1-0, wakatutoa kwa penalti 9-8. Kisha tarehe 4 Septemba 2016 Farouk Miya akafunga bao moja dhidi ya Comoro, na mlango ukafunguka. Siku hiyo sikuwa Namboole. Nilikuwa sokoni nasikiliza redio, na nilijiapia kwamba siku moja nitakwenda. Ilinichukua miaka tisa.

Nilichelewa kwa sababu ya biashara, lakini pia kwa sababu uwanja wenyewe ulifungwa. Wakati wa korona Namboole uligeuzwa kuwa mahali pa kutibia wagonjwa, na CAF nayo ikakataa usitumike kwa mechi za kimataifa kwa kuwa haukufikia viwango. Cranes wakawa wanachezea mechi zao za nyumbani ugenini. Kazi ya ukarabati ilifanywa na wahandisi wa jeshi, na mwaka 2024 mechi za kimataifa zikarudi. Sasa viti vipo, taa zipo, nyasi zipo. Kilichobaki ni sisi wa mbali kujua namna ya kufika na kurudi salama.

Na hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wafanyabiashara wenzangu. Ndugu zangu, safari ya Namboole ipangwe kama safari ya mzigo. Nani kati yetu anapeleka mzigo Butembo bila kujua atalala wapi, atamlipa nani na atarudi lini? Hakuna. Basi kwa nini tunapokwenda kuangalia mpira au muziki tunajitupa barabarani kama watoto waliosikia ngoma?

Kwanza, fedha. Safari yetu ilikuwa ya watu 13, na kila mmoja alitoa shilingi 120,000 za gari kwenda na kurudi. Kiingilio kilikuwa kidogo kuliko nauli. Ongeza chakula, maji na kofia ya Cranes, utaona kwamba si fedha ya kuokota. Nilichofanya mimi, na nina aibu kukisema, ni kuchomoa fedha hiyo kwenye mtaji. Wiki mbili baadaye nilikuwa bado naazima mawese. Tuna vikundi vya kuweka akiba karibu kila mtaa hapa Bwera. Tunaweka fedha za ada, za msiba na za harusi. Kikundi kikiweka shilingi elfu tano kwa wiki kwa ajili ya safari moja ya uwanjani kwa mwaka, mtaji haguswi na mtu hakopi.

Pili, siku. Ukitaka kwenda kuona mechi ya usiku, hesabu siku tatu: moja ya kwenda, moja ya mchezo, moja ya kurudi. Kama siku ya tatu ni ya soko, ama mwachie mtu meza yako ama usiende. Mimi nilitaka kuzibana siku tatu ziwe moja na nusu. Barabara ya Kikorongo, Kasese, Fort Portal, Kyenjojo, Mubende na Mityana haibanwi. Ni ndefu vile vile kwa mwenye haraka na kwa asiye na haraka.

Tatu, kulala. Usikubali kamwe kurudi usiku ule ule na dereva aliyeendesha mchana kutwa. Sisi wa mpakani tunaujua usiku kuliko watu wengine. Hatujasahau usiku wa tarehe 16 Juni 2023 pale shule ya sekondari ya Lhubiriha, ambapo zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Wazazi wa hapa walioomboleza namna ile hawastahili kuongezewa misiba ambayo inaweza kuepukwa kwa kulipia kitanda. Kama fedha ya kulala haipo, safari haijaiva.

Nne, karatasi na tiketi. Beba kitambulisho chako, hata kama unajua hukupaswa kuulizwa. Tiketi siku hizi ziko kwenye simu, na simu ikizima umebaki nje na fedha yako imeliwa. Katika kundi letu wawili walifika langoni simu zimeisha chaji, na ilibidi tuazime chaji kwa muuza soda. Nunua mapema, na usinunue kwa mtu anayekunong'oneza njiani.

Tano, na hili ni kwa wapenzi wa muziki hasa. Sisi wa huku tunapenda muziki wa Kongo, na msanii mkubwa akitangazwa hatuulizi ni wapi. Lakini tamasha lina hatari ambayo mechi haina sana, kwa sababu watu hawakai, na wote wanataka kwenda upande mmoja. Oktoba 2022 katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, kwenye tamasha la Fally Ipupa, watu 11 walikufa kwa kukanyagana. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, hapa hapa kwetu, katika jengo la Freedom City barabara ya Entebbe, watu wasiopungua 9 walikufa wakisukumana kwenda kuangalia fataki. Wengine walikuwa watoto. Kwa hiyo ukiingia, kabla hujatafuta kiti, tafuta mlango wa kutokea. Mtoto mdogo usimpeleke mbele ya jukwaa. Ukiona watu wameanza kusukumana, toka, hata kama msanii uliyemlipia bado hajapanda.

Na ukipekuliwa langoni, usinune. Tarehe 11 Julai 2010, watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala waliuawa kwa mabomu, wengi wao katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Mlinzi anayekupekua na kumpekua mwenye gari kubwa kwa namna moja, huyo anakulinda. Tunachokataa ni kuchaguliwa kwa sababu ya lugha.

Hayo ni yetu. Sasa niseme ya wakubwa, kwa sababu mzigo huu hauwezi kubebwa na bega moja.

Katika gari letu alikuwemo kijana aliyerudi kutoka Qatar, ambako alikuwa mlinzi wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2022. Njiani alitueleza kwamba kule mgeni mwenye kadi ya mashabiki alipanda treni na mabasi bila kulipa, hata usiku wa manane. Wenye mashindano walijua kwamba kazi yao haiishii pale kipenga cha mwisho kinapopigwa. Inaisha mtazamaji anapofika anakolala. Mama wa vitenge akamwuliza, “Na sisi je, nani anajua tutafikaje?” Kijana akacheka. Hakuwa na jibu.

Najua Uganda si Qatar, na siombi treni ya bure. Lakini yapo mambo ambayo hayahitaji mafuta wala gesi. Mechi ambazo sisi wenyewe tunazipangia saa, kwa nini zisichezwe Jumamosi alasiri, ili mtu wa Kasese, wa Arua na wa Kisoro atoke uwanjani jua bado lipo, alale, na Jumapili arudi kwake? Najua saa za mashindano ya CAF hazipangwi Kampala peke yake. Lakini mechi za kirafiki na za ligi ni zetu. Kwa nini pia tiketi isiuzwe pamoja na nafasi ya basi kutoka miji ya mbali, basi lenye madereva wawili, kwa bei inayojulikana? Kwa nini mawakala wa fedha za simu waliojaa Bwera wasiuze tiketi hizo, hata zilizochapishwa kwenye karatasi, kwa mzee ambaye simu yake ni ya tochi?

Jambo la pili ni lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika Katiba yetu tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo. Basi katika uwanja wa taifa la Jumuiya hii, tangazo la dharura, la mlango wa kutokea au la mtoto aliyepotea, litolewe kwa Kiswahili pia. Litamfaa Mkonzo wa Bwera, Mnande wa Beni na shabiki aliyetoka Kenya. Na pengine, tukizoea kukisikia Kiswahili kwenye vipaza sauti vya Namboole, ndugu zetu wa vizuizini watazoea kukisikia madirishani mwa magari bila kumshusha mtu.

Jambo la tatu ni viwanja vya huku kwetu. Mimi tangu utotoni nimeangalia mpira nikiwa nimesimama kando ya mstari, Nyakasanga mjini Kasese na kwenye viwanja vya shule hapa Bwera, mvua yangu jua langu. Kule Hoima umejengwa uwanja wa watu 20,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na tunawapongeza ndugu zetu wa Bunyoro. Sisi hatuombi wa 20,000. Tunaomba majukwaa ya watu elfu chache, choo, na uzio unaokwenda na mlango wa kutokea. Soko la mpakani lina watu wa nchi mbili wanaopenda mpira. Timu ya Kasese ikicheza na ya Beni au Butembo siku ya Jumamosi, na amani ikiwepo, kiwanja kitajaa na ushuru utaonekana.

Anayedhani natania akumbuke tarehe 22 Juni 2019. Siku hiyo, Cairo, Uganda ilicheza na Kongo katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Siku chache tu kabla ya hapo Ebola ilikuwa imevuka mpaka kuja wilayani kwetu Kasese, ikaua, na mikusanyiko pamoja na siku za soko ikasimamishwa. Tuliangalia mechi hiyo majumbani, wachache wachache, tukinawa mikono kwa maji ya dawa. Patrick Kaddu akafunga, kisha Emmanuel Okwi, tukashinda 2-0. Nilimpigia simu mteja wangu wa Kasindi kumcheka. Akaniambia, “Ndugu, kama ni kufungwa, heri kufungwa na jirani.” Mwishowe timu zote mbili zilivuka makundi. Soko lilipofunguliwa alikuja na jezi yake ya Leopards, mimi na yangu ya Cranes, na watu wakatuzunguka kama tuliokuwa wachezaji wenyewe.

Mwaka 2023 Uganda, Kenya na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Mungu akijalia tufike huko, wageni watatoka Morocco na Senegali, watapokewa uwanja wa ndege, watapelekwa hotelini na kufikishwa kwenye viti vyao. Ni vizuri, mgeni ni baraka. Lakini mwenyeji naye asisahauliwe. Uwanja wa taifa upimwe kwa hesabu ya viti na taa, na pia kwa mtu wa mwisho aliyetoka mbali: alifikaje, aliketi wapi, na alirudi vipi kwa watoto wake.

Sisi kwa upande wetu tumeanza. Kikundi chetu kimefungua daftari jipya, na juu ya ukurasa wa kwanza katibu ameandika neno moja tu: Namboole. Mama wa vitenge ndiye aliyeweka elfu tano ya kwanza. Alipoulizwa kama bado anataka kwenda baada ya kushushwa kizuizini, kukosa mabao mawili na kulala ndani ya gari njiani, alijibu, “Nitakwenda, mwanangu. Ila safari hii sitoki mpaka taa zizimwe.”